Mikebe ya Bi Jannat

Mowlem,
1 Machi 2026

Kwa Nekesa,

Natumai u mzima na baba yako Patrobas ni mzima. Mimi ni hivyo hivyo. Magoti hayajapona na hayatapona, na saumu tumeingia kumi la pili.

Mama Perez wa mkokoteni amenifikishia mikate miwili uliyotuma. Umeifunga kwa gazeti kama omena, wala hukuandika hata mstari mmoja wa salamu. Ukuta wangu na wenu huko Lucky Summer ulikuwa mmoja kwa miaka kumi na minne, na hayo ndiyo malezi niliyokupa.

Sasa nijibu swali moja. Ganda lile ulilipataje? Nimeoka boflo tangu sijaolewa na sijawahi kupata ganda laini kama lile. Mwanangu Abdurahim alikula vipande vinne kabla hajagusa uji. Mkewe Kadija, ambaye tangu nihamie kwake hajasifu kitu nilichokishika, alisema mbele ya mama yake na dada zake waliokuja kufuturu, "Mama, huyu msichana amekushinda." Sikufurahi, nakwambia wazi.

Kama umeisugua mikebe yangu kwa waya, nitajua. Kama umekilowesha kibao changu kwenye beseni, nitajua pia. Vyombo vile nilikuazima, sikukupa. Andika kila kitu unachofanya, mwanzo hadi mwisho, na uandike herufi kubwa. Mkono wangu bado unaandika, ila macho yamekataa kusoma mwandiko wa watu.

Nyanya yako,
Jannat


Lucky Summer,
3 Machi 2026

Shikamoo Nyanya,

Natumai barua hii itakukuta na afya na saumu inaendelea vyema. Baba anakusalimu. Wiki iliyopita aliitwa kibarua langoni pa kiwanda siku tatu, kwa hiyo tunashukuru. Nisamehe kwa gazeti na kwa kutoandika salamu. Niliandika kurasa mbili nikaona aibu, nikazirarua.

Mikebe sijaisugua kwa waya. Kibao nakifuta kwa kitambaa chenye chumvi, vile ulivyonionyesha. Unga nauchekecha mara mbili. Nakanda mpaka donge liache kushika vidole, nakwangua kibao kwa kile kipande cha mtungi wa plastiki ulichokata, nafunika, nangoja. Sufuria kubwa naiwekea mchanga, nangoja uwe moto, naweka mkebe ndani, nafunika kwa sinia na kupalia makaa juu. Makaa ya juu ni mengi kuliko ya chini. Yote hayo ni yako.

Kitu kimoja tu si chako, na nilipofika kwacho niliweka kalamu chini kwa muda mrefu. Ni mafuta ya kupaka mkebe. Baba huletewa mafuta meupe na Kweyu, yule jirani wa nyuma anayefuga. Yanakaa kwenye mkebe wa bati juu ya rafu na sisi huyaita mafuta ya Kweyu. Nayapaka kwa ule unyoya wako. Hayo ndiyo yanayolainisha ganda.

Nyanya, Kweyu anafuga nguruwe.

Siku niliyooka ile mikate yenu nilifikiria sana. Nilihesabu unga, maji, hamira, sukari, chumvi, nikaona hakuna kitu humo kinachowakataza. Sikuuhesabu mkebe. Naapa sikuuhesabu. Mpaka uliponiuliza habari ya ganda ndipo nikaona nilichofanya. Ningeweza kuandika kwamba ni makaa. Lakini umeniuliza na wewe ndiye uliyenifundisha.

Naomba msamaha kwako, kwa Baba Abdurahim na kwa Mama Kadija mkewe.

Mjukuu wako,
Nekesa


Mowlem,
5 Machi 2026

Nekesa,

Salamu sina.

Unataka kujua barua yako ilisomwa wapi? Ilisomwa mezani. Mama Perez aliileta jua likielekea kuzama. Mama yake Kadija alikuwa amekuja tena, na dada zake wawili, na wote walitaka siri ya ganda. Mkate wa pili ulikuwa katikati ya meza, umekatwa tayari. Nikampa Kadija asome kwa sauti, maana macho yangu unayajua. Nilitaka wasikie kwamba uliyajua hayo kutoka kwangu. Nilikaa nimejiweka vizuri, nangoja kusifiwa.

Akasoma. Unga, kibao, mchanga, makaa. Kila alipotaja kitu changu nilitikisa kichwa. Kisha akafika kwa Kweyu, akasoma tena kimoyomoyo, akaiweka barua chini.

Dada yake akauliza, "Anafuga nini?"

Kadija akasema, "Muulize Mama. Ndiye mwenye mwanafunzi."

Abdurahim alikaa bombani akisukutua mpaka nikadhani maji ya mtaa yataisha. Mama yake Kadija aliondoka bila kuaga. Maalim alikuja asubuhi, akasema aliyekula bila kujua hana dhambi, na vyombo vina njia yake ya kutwaharishwa. Hilo limewatuliza wote isipokuwa mimi, kwa sababu hapo ndipo Kadija alipopata neno lake. Akanigeukia. "Mama, ulimpa mtoto wa Kikristo vyombo vyako vyote na hukumwambia la mafuta?"

Nikasema nilikwambia. Nikasema nilikwambia zaidi ya mara moja na wewe ni mkaidi.

Sasa siruhusiwi kugusa chungu cha mtu. Chai naletewa kama mgonjwa. Nikisimama mlangoni pa jiko, Kadija anasema, "Pumzika Mama," kwa sauti ile ya kumfukuza paka.

Kwa hiyo utaandika barua nyingine. Utaandika kwamba mimi Jannat nilikukataza kutumia mafuta usiyoyajua, na wewe ukasahau. Maneno machache tu, herufi kubwa. Umenifedhehesha kwa karatasi na utanisafisha kwa karatasi. Ukifanya hivyo, mikebe yote mitatu, kibao, sufuria, sinia, vyote ni vyako. Sitavidai tena maishani mwangu.

Jannat


Lucky Summer,
8 Machi 2026

Shikamoo Nyanya,

Natumai magoti yana nafuu. Sisi huku tuko salama.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nimelia, na Baba ameniuliza nani amekufa. Pole kwa yote yaliyokupata mezani. Pole kwa jiko. Ningeweza, ningekuja nipige magoti mbele ya Mama Kadija, lakini unajua nikiwa mbele ya watu nafungika mdomo.

Lakini Nyanya, hukuniambia.

Nimejaribu kukumbuka. Nimekaa na kibao mbele yangu na kukumbuka kila siku uliyonifundisha. Uliniambia kibao kisikatiwe kitunguu. Uliniambia mikebe isisuguliwe, kwa sababu ule weusi ndio unaozuia mkate usishike. Uliniambia unyoya uwe wa jogoo, si wa kuku jike, na sikuwahi kujua kwa nini. Uliniambia mtu aliyekasirika asikande, na wewe mwenyewe ulikanda umekasirika kila siku. Habari ya mafuta hukuniambia. Ulikuwa na samli yako kwenye kichupa na ulipohama ukaenda nayo.

Kosa ni langu. Nilijua hamli nguruwe, kila mtu anajua. Niko tayari kuandika kwa herufi kubwa kwamba kosa ni langu peke yangu na sikufikiria. Hilo ni kweli na nitaliandika leo hii ukitaka. Lile la kwamba ulinikataza siwezi.

Mjukuu wako,
Nekesa


Mowlem,
12 Machi 2026

Nekesa,

Barua yako Mama Perez alinisomea nje, mbali na Kadija. Sikukuomba unikumbushe unyoya wa jogoo.

Umenifundisha leo kwamba mtoto unaweza kumnawisha, kumlisha mkate wa moto kila asubuhi akienda shule, kumkalisha jikoni kwako siku mama yake alipozikwa, na siku utakapomwomba maneno mawili akakuhesabia ukweli kama muuza duka. Ukweli wako umenisaidia nini? Kadija ameshamwambia Abdurahim nimeanza kusahau. Jana nilisikia akimwambia dada yake kwenye simu, "Mama sasa ni wa kuangaliwa." Wa kuangaliwa, mimi niliyesomesha mtoto wangu kwa boflo.

Na wewe unataka nini? Alama zako za mtihani hazikupeleki chuo, nimeambiwa na Mama Perez. Baba yako ni kibarua wa lango. Siku lango lisipomwita analala mpaka adhana ya adhuhuri. Bila vyombo vyangu wewe ni msichana wa kukaa dirishani. Fikiria hilo kabla hujaniandikia tena kwamba huwezi.

Nakupa mpaka Jumanne. Nisipoona barua niliyoitaka, nataka vyombo vyangu, vyote, na usinitumie hata salamu juu yake. Heri vibaki vibovu hapa kwangu kuliko vikae kwako.

Jannat binti Fahim


Lucky Summer,
17 Machi 2026

Bi Jannat,

Natumai u mzima.

Leo ni Jumanne. Vyombo vyako anakuletea Mama Perez kwa mkokoteni wake wa mboga za sukuma. Nimefunga mikebe mitatu, kila mmoja na kitambaa chake. Sufuria iko na mchanga wake, nimeuweka kwenye mfuko. Sinia, koleo, chekecheke, kipande cha kukwangulia. Unyoya nimeutupa kwa sababu uliingia kwenye yale mafuta. Kibao sikukioka wala kukipaka, lakini vidole vyangu vilikuwa na mafuta nilipokunja madonge, kwa hiyo siwezi kusema ni safi. Mwambie hivyo Maalim.

Baba alisoma barua yako. Sikumpa, aliikuta kwenye kiti. Alisoma mahali ulipomtaja, akasema, "Huyu mama alinilisha mimi pia." Kisha akasema, "Vipeleke." Akabeba sufuria mwenyewe hadi barabarani, akakataa nimsaidie. Sitaki umseme tena. Uniseme mimi.

Nilikuwa naoka mikate kumi na miwili kila siku. Sita ilikuwa ya Everline wa kibanda cha chai na sita ya mlangoni. Leo asubuhi nimemwambia Everline sina. Nilizungumza mwenyewe. Alisema, "Mkate wako ndio ulikuwa unaleta wale wa zamu ya usiku, sasa nitawapa nini?" Amechukua mikate ya duka.

Uliniuliza nataka nini. Nilitaka kuoka mpaka watu waache kuniuliza alama zangu. Vyombo hivi ndivyo vilivyokuwa njia pekee niliyokuwa nayo na unalijua hilo, ndiyo maana ukavitumia. Umenipa nichague kati ya mikebe na kuandika kwamba ulisema jambo ambalo hukusema. Kama ningeliandika, kila siku ningeweka mkate kwenye mkebe niliolipia kwa uongo, na wewe ungekuwa umekaa kwa Mama Kadija ukishikilia karatasi, ukijua. Sijui ungekunywaje hiyo chai.

Nimeomba msamaha mara tatu, na hii ni ya nne. Sitaomba tena.

Hukuniambia. Nakuheshimu na hukuniambia.

Nekesa Mulongo


Mowlem,
Mfungo Mosi, siku ya sita

Nekesa,

Idd imepita. Hatukupata wageni wengi.

Mkokoteni wa Mama Perez ulifika mbele ya majirani wote. Kadija alitoka akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Hivyo havipiti hapa." Nikamwambia vitakaa uani. Vikakaa uani wiki nzima vimefunikwa gunia, na mimi nikakaa ndani nikiviangalia dirishani kama mtu aliyeletewa maiti.

Barua yako sikumpa mtu. Siku ya kwanza sikuisoma. Siku ya pili nikaisoma mwenyewe, herufi moja moja, nikiiweka karibu na pua. Imenichukua asubuhi nzima. Una mdomo mchafu ukiwa na kalamu. Hilo la chai hukupaswa kumwandikia mtu wa umri wangu, na nililirudia mara tatu nikidhani nimelisoma vibaya.

Siku ya tatu ilikuwa Idd. Tumekaa mezani, Abdurahim, Kadija, mama yake amerudi na uso umefungwa. Kadija anamimina chai. Mama yake akasema, kwa wema tu, "Umri nao. Unamwambia mtu jambo, kumbe umesema moyoni." Akanishika mkono. Walikuwa tayari kunisamehe, unaona? Walikuwa wameshaamua mimi ni mzee nimechanganyikiwa, na kwa mzee aliyechanganyikiwa kila mtu ni mpole.

Nikautoa mkono wangu. Nikasema, "Sikumwambia. Sikusahau, sikusema moyoni. Sikumwambia kabisa, kisha nikasema nilimwambia, kisha nikamtaka msichana aandike uongo anisaidie, akakataa. Akili yangu ni nzima. Nilisema uongo nikiwa na akili nzima."

Abdurahim akasema, "Mama, leo ni Idd." Kadija alimaliza kumimina chai, na kikombe changu akakijaza mpaka kikamwagika kwenye kisahani. Sijui ilikuwa hasira au nini. Huyu mwanamke simwelewi.

Jana asubuhi nimevitwaharisha. Udongo safi na maji kwanza, kisha maji mara sita. Mikebe, sufuria, sinia, kibao. Kadija alileta kigoda akakaa, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama askari wa jela. Kwenye kibao alinirudisha kuanzia moja, akasema ya nne sikufika pembeni. Mchanga tumeumwaga.

Mikebe imepoteza weusi wake wote. Inang'aa kama mipya, itashika kila mkate kwa miezi.

Sijakusamehe ile chai. Lakini vyombo njoo uvichukue. Mimi hapa sina jiko.

Jannat


Lucky Summer,
4 Aprili 2026

Shikamoo Nyanya,

Natumai wewe na wa nyumbani mwako mko salama. Baba ni mzima. Wiki hii lango halikumwita na aliamka mapema hivyo hivyo, akakaa mlangoni amevaa viatu mpaka saa nne. Sikumuuliza ni kwa nini.

Barua yako niliipata Jumatatu. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua niseme nini, na pia nilikuwa na kazi.

Vyombo sitakuja kuvichukua. Nataka ujue vyombo nilivyo navyo hapa kwetu sasa. Nina mikebe miwili, amenikunjia fundi Mativo wa mtaa wa Baba Dogo kwa bati jipya. Pembe moja inavuja. Kibao ni cha ubao wa masanduku aliouleta Baba kutoka kiwandani, nimeupiga msasa siku mbili na bado unanuka sabuni. Sinia ni mfuniko wa pipa la rangi, nimeuchoma moto mpaka rangi ikaisha. Mkate wa kwanza ulishika, ukatoka nusu, nusu nyingine nikaichimba kwa kijiko. Tulikula tukiwa tumesimama. Baba alisema una ladha kama ya nguo safi. Wa pili ulishika pia. Jana nimempelekea Everline minne, akarudisha mmoja. Mitatu amebaki nayo.

Napaka samli, nanunua kichupa kidogo. Mafuta ya Kweyu hayaingii tena kwenye mikebe hii hata siku tunayokula wenyewe. Nimeamua hivyo kwa sababu yangu, si kwa sababu uliniambia.

Mimi pia nina hasira bado. Ulimtukana Baba na hukuandika neno juu ya hilo. Najua umesema kweli mezani na najua ilikugharimu. Nimefurahi, na hasira haijaisha. Nadhani vinaweza kukaa pamoja kwa muda.

Sasa niseme jambo ambalo si la mtoto kusema. Umeandika kwamba hapo huna jiko. Uani si kuna nafasi? Vyombo vimekaa uani wiki nzima na hakuna aliyekufa. Sufuria ni yako, makaa hayahitaji ruhusa ya jiko la gesi. Mama Kadija amekaa kwenye kigoda akahesabu mara saba kwa kila chombo, akakurudisha kwenye kibao ili kiwe sawa. Mtu anayetaka kibao kitupwe harudishi. Muulize anataka ganda la namna gani.

Mchanga mmeumwaga, kwa hiyo utahitaji mwingine. Uwe wa mtoni, si wa ujenzi, na uuchekeche kwanza.

Ukioka, nitumie mmoja kwa Mama Perez. Ganda likiwa gumu nitakuandikia.

Nekesa